Wembe wa Marehemu Baba, na Kutu Yake

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema niweke mambo yangu sawa. Hakusema kwa nini. Alisema huku akitazama dirisha. Nawajua watu wanaotazama dirisha. Nilikuwa mkaguzi wa shule miaka ishirini na sita, na mimi pia nililitazama kila nilipotakiwa kumwambia mwalimu mkuu kwamba hatabaki.

Moyo umechoka. Figo zinaufuata. Miguu imevimba, viatu haviingii. Umri: themanini na tatu. Sina malalamiko. (Ninayo, lakini nitayaandika siku yenye nafasi.)

Mambo yangu yako sawa, isipokuwa moja. Lipo ndani ya mkebe wa hesabu, ule wa bati wa bikari na rula, juu ya kabati, nyuma ya masanduku ya karatasi za mitihani. Nimeushusha leo binti yangu alipokwenda kazini, duka la dawa. Nilipanda kiti. Mtu aliyeambiwa aweke mambo sawa hapaswi kupanda kiti, lakini ningemtuma nani?

Ndani: wembe wa kukunja wa marehemu Baba. Mpini wa pembe, una mikato mitatu aliyoichonga mwenyewe ili vinyozi wenzake wasimwibie. Haikusaidia. Aliibiwa na mwanawe.

Hapo! Nimeandika. "Aliibiwa." Kauli ya kutendwa, nakiri, lakini ni mwanzo.

Nieleze mara moja, nisirudie. Baba alikuwa kinyozi. Kabla hajafa alisema wembe apewe mdogo wangu, aliyeifuata kazi yake. Nikauliza changu ni kipi. Baba akasema, wewe una kalamu. Kalamu! Kana kwamba yeye ndiye aliyenipa! Siku ya pili baada ya mazishi, wembe haukuonekana. Mama akasema mdogo wangu ameuuza, maana siku zile alikuwa mtu wa karata. Mdogo wangu akaapa hakuugusa. Akalia. Mama hakumwamini. Miaka miwili hakukanyaga kwake, wala hakula chakula chake. Hata walipopatana, alikwenda kaburini na imani yake ile ile. Nami nilikuwepo muda wote. Mimi ndiye niliyewapatanisha! Watu walinisifu kwa busara.

Wembe ulikuwa kwenye mkebe. Miaka hamsini na moja.

Sasa mdogo wangu anakuja Jumamosi. Amesikia hali yangu. Nimeamua: nitamrudishia na nitaungama. Nataka kufa nikiwa mwepesi. Tena yeye ndiye atakayesoma wasifu wangu siku ya maziko, na msomaji wa wasifu ni vizuri asiwe na kinyongo.

Limebaki swali moja, na si dogo. Niutengeneze kwanza, au niutoe hivi hivi? Umeshika kutu uso mzima. Mpini una ufa. Nikiutoa na kutu yake, atasema niliiba wembe wa Baba kisha nikauacha uoze. Nikiutoa unang'aa, atasema nimekuwa nikiustarehea nusu karne. Nimepima presha. Imepanda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Rasimu ya kwanza ya maungamo. "Mdogo wangu mpendwa, wembe wa Baba uliopotea..." Nikasoma. Haukupotea. Ulijua uko wapi, na mimi pia. Nikafuta, nikaandika "uliohifadhiwa." Afadhali! Una heshima. Nimejiona kama jumba la makumbusho.

Saa nne akaja Karani. Ni jirani yangu, zamani karani wa mahakama. Tunacheza drafti na kushindana magonjwa. Leo alitangaza presha yake ni mia moja tisini. Jana ilikuwa mia moja sabini, nilikuwepo ikipimwa. Nikamwambia daktari wangu ametazama dirisha. Akaanza kupanga kete. Hana dirisha yeye.

Nikamwomba ushauri kwa mafumbo. Kuna mtu ninayemfahamu, nikasema, ana kifaa cha ndugu yake, kimeshika kutu. Akirudishe kikiwa safi au kichafu? Karani akauliza kama huyo mtu miguu yake imevimba. Nikasema sijamwangalia miguu. Akasema mahakamani kielelezo hakisafishwi. Ukisafisha kielelezo umeharibu ushahidi, na hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Kisha akala kete zangu tatu kwa mpigo mmoja.

Mtu anayekula kete tatu za mgonjwa hana ushauri mwema. Nikaamua kufanya kinyume chake. Alipoondoka nilichukua jivu na ndimu, nikakaa jikoni, nikasugua. Kutu ikatoka kidogo karibu na ncha. Damu ikatoka nyingi. Miaka hamsini na moja gizani na bado unamtambua mwizi! Nilimfurahia Baba kwanza, kisha ndipo nikaogopa. Nameza vidonge vya kuzuia damu isigande. Kidole kilimwaga kama bomba lililopasuka.

Binti yangu akarudi wakati huo huo. Watoto wana hisi mbaya. Nilikuwa nimeshautia wembe mfukoni mwa koti. Nikamwambia nimekatwa na karatasi. Akauliza ni karatasi gani yenye kutu. Nikasema ni ya zamani. Akanifunga bandeji, kisha akazunguka nyumba nzima akikusanya visu, mikasi, wembe wangu wa plastiki, hata kikwangulio cha karoti. Akavifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. "Baba, kuanzia leo utakula vitu laini, na ndevu utazifuga."

Supu. Kijiko cha plastiki.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata ufumbuzi! Umekuja nikiwa bafuni, mahali ambapo fikra zangu zote kubwa zimetokea.

Si kutengeneza, wala si kuacha. Yote mawili! Makali yatiwe, kutu ya nje ibaki. Ukitazamwa, wembe utaonekana ulisahaulika mahali (hakuna mwenye kosa). Ukijaribiwa, utakata (kuna mtu alijali). Nje unyenyekevu, ndani makali. Kama mimi mwenyewe.

Nilimwambia binti yangu nakwenda kunyoosha miguu. Akasema imeshanyooka kwa uvimbe, nitulie. Nikatulia hadi alipokata kona.

Hatua mia mbili na kumi hadi kwa washona viatu. Nilipumzika mara nne. Mara ya tatu ilikuwa kwenye ngazi za benki, na mama mmoja aliyepita akaniwekea sarafu mkononi. Nikaipokea. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu.

Fundi wa visu wanamwita Cheche, kwa sababu ya gurudumu lake la kunolea, lile la kukanyaga kama cherehani, linalotupa cheche mpaka kwenye suruali za wapita njia. Mtu wa miaka arobaini hivi, anapiga kelele kulishinda gurudumu lenyewe. Alifungua wembe akapiga mluzi. "Mzee wangu, hii mali! Umeitoa wapi?" Nikasema ni ya familia. Ukweli mtupu. Akauliza, kwa hiyo mimi ndiye mrithi? Nikasema warithi wapo. Ukweli tena! Sijawahi kusema kweli nyingi kiasi hicho asubuhi moja.

Akasema atausugua hadi nijione uso, na mpini ataubadilisha. Nikamkemea asiguse mpini. Wala kutu. Akainamisha sikio, akaniomba nirudie. Nikarudia taratibu, kama ninayesoma imla: noa makali, kutu iache. Akasema amenoa visu vya wachinjaji na mikasi ya washonaji kwa miaka kumi na tisa, na hajapata kuona mteja anayetaka kutu yake itunzwe. Mshona viatu aliyekaa pembeni akadakia kwamba labda kutu yenyewe ndiyo urithi. Wakacheka. Niliwaacha wacheke. Kisha nikainama, nikamwuliza Cheche kwa sauti ya chini kama angeweza kuongeza kutu kidogo hapa karibu na ncha, ambapo jana niliisugua bahati mbaya.

Hapo hakucheka. Aliuliza kama nyumbani wanajua nimetoka.

Tumekubaliana. Hataongeza kutu, kwa kuwa hajui inavyoongezwa. Atanoa tu. Kesho saa tatu ataniandikia ujumbe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Rasimu ya nne. "Ndugu yangu, wembe ulichukuliwa." Nani aliuchukua? Uzuri wa kauli ya kutendwa ni kwamba haiulizi maswali. Niliifundisha kwa miaka mingi kabla sijawa mkaguzi, kumbe nilikuwa nafanya mazoezi. Nikajaribu ile nyingine. Nikaandika "Nili". Mkono ukakwama. Nadhani ni wino.

Saa tatu hakuna ujumbe. Saa nne hakuna. Saa saba simu ikalia. Nikatafuta miwani, kisha kioo cha kukuzia maandishi.

"Mzee nimenoa. Samahani sana."

Furaha iliyoje! Na lugha iliyoje! Sentensi mbili timilifu, hakuna kifupisho hata kimoja. Nafsi ya kwanza umoja, wakati timilifu, kitenzi mahali pake. Nimekagua walimu wenye vyeti wasioweza kuandika hivyo. Hiyo samahani ni ya kuchelewa, bila shaka. Muungwana.

Nikamjibu: "Hongera! Nilipokuona tu nilijua utanoa."

Akajibu: "Mzee usinikejeli. Roho inaniuma hapa."

Unyenyekevu! Fundi wa kweli hapendi sifa. Nikaona nimtie moyo: "Sikukejeli. Nitawatangazia watu wote mtaani kwamba kwa kunoa huna mpinzani." Hakujibu tena. Nadhani alizidiwa.

Karani alipokuja sikuweza kujizuia. Nilimwambia yule mtu ninayemfahamu ameamua, kifaa kimepelekwa, na fundi amenoa kabisa kabisa. Karani akasema pole. Pole ya nini, nikamwuliza, nimekwambia amenoa! Akasema amesikia, na ndiyo maana anasema pole. Wivu huo. Anajua nitaondoka na dhamiri safi, yeye abaki na mia moja tisini yake.

Jioni binti yangu akauliza nimepatwa na nini hadi naimba. Nikamwambia kuna mtu amenoa. Akanitazama kwa huzuni, akasema mwenzako akinoa si vizuri kumwimbia. Nikadhani amechoka na kazi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu wangu.

Nilifika saa tatu. Cheche alinipa mgongo. Mshona viatu akaanza kugongelea soli isiyo na tatizo. Cheche akafungua kitambaa.

Bapa la wembe wa Baba limegeuka bluu katikati, rangi ya inzi wa chooni. Ncha haipo. Urefu wa ukucha wa dole gumba, umekwenda! Alisema chuma kilikuwa chembamba, gurudumu likakitia moto, kikapasuka, kipande kikaruka na hakijaonekana. Mshona viatu akasema yeye alikisikia kikipita sikioni.

Nikamwambia aliniandikia kwamba amenoa! Akasema ndiyo, nilinoa, nikakuomba samahani. Nikamwambia kunoa ni kutia makali! Akasema si kunoa huko, mzee wangu; kunoa kwa kukosea, kwa kuharibu. Nimenoa, yaani nimeharibu. Nikamwuliza kwa hasira: fundi wa kunoa, aliyepewa kitu akinoe, anaandika "nimenoa", na anategemea msomaji ajue kwamba hakunoa? Akafikiri kidogo. Akasema, "Nilinoa, ndipo nikanoa." Mshona viatu akasema kwake yeye hiyo imeeleweka.

Miaka yote ya kazi yangu nilipiga mstari mwekundu chini ya neno hilo kila mtoto alipolitumia hivyo kwenye insha. Pembeni nikaandika, "Si sanifu." Mamia ya watoto. Leo limenisubiri kona.

Haikuishia hapo. Cheche alikuwa ameyahifadhi majibu yangu. Aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, mshona viatu akitikisa kichwa. Nilipokuona tu nilijua utanoa. Nitawatangazia watu wote mtaani. Akasema mkewe hakupata usingizi. Nikaomba radhi. Mimi! Niliyeharibiwa wembe ndiye niliyeomba radhi! (Kisauti fulani moyoni kikauliza wembe wa nani. Nikakipuuza.)

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja wa viatu kutafuta pumzi. Kesho mdogo wangu anakuja. Nimfungulie nini? Nilikuwa nimejiandaa kuungama wizi. Wizi na uharibifu ni mambo mawili, na nguvu nilizonazo ni za jambo moja.

Ndipo nikaliona sanduku lake la vyuma chakavu. Na juu kabisa, wembe mwingine wa kukunja! Mpini wake wa plastiki umevunjika, lakini bapa zima, upana ule ule, na, neema iliyoje, lina kutu! Kutu halali, isiyohitaji kuombwa! Nikamwuliza Cheche kama anaweza kung'oa ule msumari mdogo unaoshika bapa na kulihamishia bapa hili kwenye mpini wa Baba. Akasema dakika kumi. Nikamwambia afanye, na safari hii asinoe, kwa maana yoyote ile.

Njiani dhamiri ilinung'unika. Nikaituliza kwa hoja. Wembe ni nini hasa? Ni mpini. Mpini ndio ulioshikwa na Baba. Bapa lilishika ndevu za watu baki. Kwa hiyo wembe ni ule ule. Dhamiri haikuwa na jibu. Haikusoma sana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ninaandika taratibu. Siku ndefu.

Alikuja saa nne. Miaka sabini na tisa. Mikono inamtetemeka hadi chai yote inahamia kwenye kisahani. Akanishika mabega, akasema nimekonda uso nimenenepa miguu, mgawaji amekosea hesabu. Binti yangu akacheka sana. Kwangu hacheki hivyo. Akamwita Baba Mdogo, akamletea mto wa mgongoni. Karani naye akatokea, hakualikwa, alisema anapita tu. Alipita hadi kwenye kiti cha karibu kuliko vyote.

Mdogo wangu alikuwa na mfuko wa vifaa vyake vya kazi. Alisema hawezi kumwona kaka yake mgonjwa na ndevu kama mtu aliyetoka jela. Karani akakohoa.

Nikaona nisicheleweshe. Nikasimama, nikashika meza. Rasimu ya saba niliijua kwa moyo. Nikafungua mdomo, ukasema: "Ndugu yangu, wembe wa Baba umeonekana."

Umeonekana! Haikuwa kwenye rasimu yoyote. Mdomo ulijichagulia.

Nikamkabidhi. Akapitisha kidole gumba kwenye mikato mitatu, mmoja mmoja. Machozi yakamtoka. Nikaona mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, nikakaa. Kisha akaufungua, na mikono yake ikaacha kutetemeka. Mtu aliyemwaga chai sasa hivi! Alipoushika wembe mkono ukawa jiwe. Akatoa mfukoni mwake ukanda wa ngozi wa kunyooshea makali. Huo ulikuwa wa Baba pia. Alipewa, na yeye ndiye aliyebaki nao. Akaufunga kwenye mgongo wa kiti, akapitisha bapa mara moja, mara ya pili, sikio limeinama.

Akasema, "Kaka, wembe wa Baba ulikuwa ukiimba. Huu unakohoa. Mpini ni wa Baba. Bapa ni la nani?"

Nikasema labda ni kutu inayokohoa. Akasema na kutu yenyewe ni ngeni. Kutu ngeni! Nilimtazama Karani anisaidie. Alikuwa ameacha kutafuna.

Akauliza lingine liko wapi. Lilikuwa mfukoni mwa koti. Sijui kwa nini nilikuwa ninatembea nalo. Nikalitoa. La bluu, halina ncha. Akauliza nani amelifanya hivi. Nikasema ni fundi, amenoa. Chumba kizima kikaelewa papo hapo. Mimi nilihitaji siku nzima.

Nikangoja agombe. Hakugomba. Alikunja wembe, akasema hakuja kwa ajili ya wembe. Akasema alijua tangu siku ya tatu ya msiba wa Baba. Siku ile nilitokea mbele ya watu nimejinyoa, na shingoni nina mikato mitatu. Akasema mtu asiyejua kuushika wembe wa Baba hukatika hapo chini ya taya, hapo hapo. Na yeye alikatika hapo akiwa na miaka kumi na minne. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema nani angemsikiliza mcheza karata mbele ya mwalimu? Kwa hiyo alisubiri mwalimu aseme mwenyewe. Alisubiri Mama akiwa hai. Alisubiri siku tuliyomzika, akaniona nikilia, akadhani ni leo. Sasa amekuja kwa sababu akiendelea kusubiri, mmoja wetu hatakuwepo. Anataka neno moja tu, na alitaka lisemwe mbele ya mtoto huyu, aliyelelewa akiambiwa kwamba Baba Mdogo aliuza wembe wa babu yake.

Binti yangu akanigeukia. Ni kweli. Nilimwambia akiwa na miaka saba. Ilikuwa hadithi ya kumfunza madhara ya karata. Niliisimulia vizuri.

Nikasema, "Wembe ulichukuliwa."

Akauliza, na nani?

"Na mtu wa..."

"Na nani, Kaka?"

"Tulichukua."

Akauliza wewe na nani. Karani akasogeza kiti chake mbali na changu.

Niliwatazama. Hakuna aliyetazama dirisha. "Nilichukua," nikasema. "Mimi. Na nikamwacha Mama aseme ni wewe."

Silabi tano. Nilidhani zitaniua.

Mdogo wangu alilia kama siku ile alipoapa. Kisha akacheka. Kisha akasema basi, yamekwisha. Binti yangu alitoka, akarudi na beseni la maji vuguvugu, sabuni na taulo, akaviweka mezani kwa kishindo. Mdogo wangu akaninyoa. Kwa wembe ule ule unaokohoa, alioukwaruza kwanza kwenye jiwe lake mpaka ukaacha kukohoa. Hakunikata hata mahali pamoja. Aliniambia nisiongee. Nilishindwa mara mbili. Karani alisema katika miaka yote mahakamani hajawahi kuona mshtakiwa akihudumiwa namna hii.

Jioni aliondoka na vyote, mpini wa Baba na bapa la bluu. Aliniwekea kiganja kichwani, kana kwamba mimi ndiye mdogo. Nimesamehewa. Kauli ya kutendwa, lakini hapa sarufi inaruhusu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mia moja thelathini na tano! Kiatu kimoja kimeingia. Daktari amenitazama mimi, usoni, akauliza nimebadilisha nini. Nikamwambia dhamiri. Akaandika kitu kwenye faili. Karani amekasirika. Tangu Jumamosi alikuwa akiwaambia watu sifiki Ijumaa, na sasa ataonekana mzushi.

Mimi ni mtu mpya. Nimemwambia binti yangu kwamba hakuna tiba kama ukweli, na kwamba sasa anaweza kufungua lile kabati la visu. Amesema bado.

Mdogo wangu amesahau ukanda kwenye mgongo wa kiti. Nimeuona leo baada ya chai. Ngozi nene, imeng'aa katikati kwa miaka na miaka ya mkono wa Baba. Nikaunusa. Harufu ya Baba kabisa.

Nimeketi nao, nimefikiri bila pupa. Mdogo wangu ana mpini. Ana bapa la zamani na bapa jipya. Ukihesabu kwa haki, ana wembe mmoja na nusu. Mimi nina kalamu, na haikutoka kwa Baba. Huu si uchoyo, ni mgawanyo. Halafu mikono yake inatetemeka, na ukanda unahitaji mkono uliotulia. Tena pembezoni umekauka, utapasuka. Lazima awepo mtu wa kuutunza. Nimesubiri binti yangu aende kazini, nikapanda kiti.

Saa kumi na mbili jioni mdogo wangu alipiga simu. Binti yangu alikuwa amerudi, ndiye aliyeipokea na kuniletea. Mdogo wangu aliuliza kwa upole kama kuna kitu chake chochote kilibaki. Nikamwambia autafute vizuri ukanda wake ndani ya mfuko, kisha chini ya kitanda, na asijilaumu, umri ni umri. Akasema hakuwa ametaja ukanda. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Binti yangu akauliza Baba Mdogo alikuwa anataka nini. Nikashusha pumzi. Maskini, nikamwambia. Tangu ujana wake, yule mtu hupoteza vitu.